Kuku Aliyeenda Masomoni

Maître Boniface, mwalimu wetu, amekufa juzi, na tangu siku ile simu yangu haijanyamaza. Tuliosoma kwake pale Butembo tuna groupe yetu ya WhatsApp, watu wazima wenye watoto na vitambi, na wote wameshikwa na huzuni ghafla. "Mwalimu hodari." "Pédagogue hors pair, mwalimu asiye na kifani." "Alitufanya tuwe watu." Mmoja, ambaye mimi mwenyewe nilimwona akichapwa na huyo marehemu mpaka akajikojolea, ameandika kwamba bila Maître asingefika popote. Aa, batu! Mtu akikata roho tu anakuwa mtakatifu, hata jeneza halijafika. Wameniomba niseme neno kwenye matanga, eti kwa sababu nina mdomo. Nimewajibu kwamba nina mafua. Mdomo ninao kweli, na ndiyo maana siendi.

Mimi nikisikia jina lake sikumbuki Kifaransa chake. Nakumbuka harufu ya manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji ya moto. Mpaka leo mtu akinyonyoa kuku uani kwangu, naingia ndani nafunga mlango.

Nilikuwa mwaka wa tatu. Masomo yetu, yaani shule, yalikuwa ya Wakatoliki, na mkuu wake alikuwa mtawa mnene mpole tuliyemwita Masera. Sisi Waislamu tulikuwa wachache mle, watoto wa wachuuzi na wa wenye malori. Papa yangu alikuwa na lori la kuleta samaki kutoka Kyavinyonge, na kila mtu mtaani alimwambia kwamba akitaka mtoto ajue kusoma ampeleke kwa bamasera. Akanipeleka. Asubuhi ya kwanza aliniambia: "Zaina, bakiomba, na weye omba. Mungu hapana vala uniforme." Nikaomba. Nilijua Baba Yetu kabla sijaijua vizuri Alhamdu, na mama yangu alinisikia nikiisema kwenye ndoto akalia.

Asubuhi za Butembo ni baridi, ninyi mliokulia kule mnajua. Ukungu ulikuwa unaingia nasi darasani. Mashati yetu meupe yalikaushwa usiku juu ya makala, makaa ya moto, kwa hiyo darasa zima lilinuka moshi na chaki, na ukikaa karibu na mtoto wa muuza samaki, yaani mimi, ulinuka na kitu kingine pia. Maître Boniface aliingia mwisho, suruali imepigwa pasi kiasi cha kukata mkate, akapita katikati ya madawati kana kwamba sakafu haimstahili. Alikuwa ametumwa kwetu kutoka jimbo lingine, na hakuna siku alituacha tusahau. Kule kwao watoto walikuwa na akili. Kule kwao mvua ilinyesha kwa heshima. Alipiga kelele "Silence!" tukiwa kimya, kisha akatutazama kama mtu aliyeshinda vita. Debe tupu hilo, lakini nani angemwambia? Fimbo yake aliiita Docteur.

Kitu alichokipenda kuliko vyote ni leçon d'observation. Hilo ni lile somo ambalo mwalimu anaweka kitu halisi juu ya meza, mnakitazama, mnataja sehemu zake kwa Kifaransa. Vitu tulileta sisi. Wiki ya maharagwe tulileta maharagwe. Wiki ya ndizi, ndizi. Wiki ya yai, kila mtoto yai lake, ingawa yai la kutazama linatosha moja. Wiki ya samaki Maître hakuhangaika kuuliza nani ataleta, alinigeukia tu. Papa akatoa tilapia wawili wakubwa, mashavu bado mekundu. Tukataja magamba, tukataja mapezi, kengele ikalia, na samaki wakaenda na Maître.

Sasa sikilizeni ujinga wangu wa utotoni. Madaftari yetu pia yaliondoka na Maître. Yalikwenda bureau, ofisini, kusahihishwa, kisha yakarudi na wino mwekundu. Basi nikaamini kwamba na vitu vya observation vinakwenda bureau kusahihishwa. Samaki wetu walipokosa kurudi niliona aibu kubwa. Nilidhani wamefeli. Nilimwambia Papa siku nyingine achague samaki wenye akili, naye alicheka mpaka akashika ukuta, lakini hakunieleza kitu.

Mwaka ule ndipo alipoingia Kavira. Alitoka Mbau na nyanya yake, tuliyemwita Mukaka kama yeye mwenyewe alivyomwita. Walikimbia vita. Mama yake Kavira hakufika, na mtu mzima yeyote ukimuuliza alikutuma ukalete maji. Papa aliwapa chumba cha nyuma uani kwetu, kile kilichokuwa stoo ya magunia. Walifika bila godoro, bila sufuria, lakini Mukaka alikuwa na kitu amekibeba mgongoni kwa kitenge, kimefungwa vizuri kama mtoto mchanga. Mama yangu akasogea kumpokea mtoto. Akafunua kitenge, akakutana na kuku mwekundu anamkodolea macho.

"Njo ya mama," Kavira aliniambia, yaani ndiye kuku wa mama yake. "Mama alimununuaka akiwa kifaranga."

Akina mama wa mtaani walicheka. Mmoja alisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na alikuwa anamtazama Mukaka, hakumtazama kuku. Lakini Mukaka hakumfunga kamba yule kuku hata siku moja. Alimwacha atembee, kuku akitaga yeye anaweka yai pembeni, anangoja. Hakuuza, hakupika. Alitaka aangue vifaranga, ili mtoto awe na kitu kinachotoka kwa mama yake kikaongezeka. Hilo alilisema wazi kwa mama yangu, kwa Kinande, lugha ya kule, akifua: kila kitu chetu kimepungua, hiki kitaongezeka. Mwishowe kuku akaanza kulalia kwenye kona ya stoo, na Kavira akitoka masomoni alikuwa anakwenda kwanza kumchungulia, ndipo anavua uniforme.

Ikaja habari kwamba Inspecteur mpya, mkaguzi wa masomo, atatutembelea. Mabwana! Masera alipaka ukuta chokaa, sisi tukang'oa majani kwa mikono, Maître akakata nywele. Akachagua somo la kuonyesha: kuku. Akamwita Kavira mbele.

"Kwenu muko na kuku. Ijumaa utamuleta."

"Maître, iko nalalia mayai."

"Donc ni muzuri zaidi! La poule couve! Inspecteur atafurahi."

"Mukaka atakatala, Maître."

Maître akainama, akampunguzia sauti, nami nilikuwa dawati la kwanza nikasikia kila neno. "Weye ulikuya hapa bila bulletin ya kuonyesha alama zako. Nilikupokea kwa huruma yangu tu. Kuku ikikosa, Lundi unaenda kukaa première na batoto badogo. Nusu saa tu, kisha inarudi. Mi nasema bongo, mi ni muongo?"

Hivyo ndivyo mtu mwenye diplôme alivyomtisha mtoto aliyekimbia bila viatu, kwa ajili ya kuku. Kavira alifikisha ujumbe nyumbani akilia. Mukaka aliendelea kumenya muhogo. Kisha alisema: mtoto asome. Lakini mwambieni mwalimu arudishe kabla mayai hayajapoa.

Halafu likaja jambo la jina. Inspecteur alitoka Maniema na aliitwa Ramazani. Basi, ikatosha! Maître alijua kwamba Maniema kuna Waislamu wengi, na mtu anayeitwa Ramazani atakuwa nini kama si Muislamu? Akakimbia kwa Masera na hekima yake. Tulikuwa kwenye Carême, Kwaresima, na siku yenyewe Ijumaa. Walimu na Masera wangekula sombe, majani ya muhogo, na maharagwe, bila nyama. Lakini mgeni Muislamu hafungi Carême, alisema Maître, tukimpa sombe tupu ataandika vibaya. Lazima nyama, tena nyama iliyochinjwa na Muislamu. Masera akasitasita, akakubali kwa ajili ya mgeni. Mimi nilifurahi kuliko wote. Inspecteur wa kwetu! Maître alinifundisha nimshikie beseni ya kunawa nikimsalimia kiislamu, mbele ya wote. Mama alinipaka mafuta mpaka nikang'aa. Mimi nilikuwa mtoto, nilikuwa na haki ya kuamini jina. Yeye alikuwa na haki gani?

Ijumaa somo likaenda. Kuku aliwekwa juu ya meza akajitutumua manyoya yote, anaguna kwa hasira kama wafanyavyo kuku wanaolalia, na Maître alipomgusa bawa alimdonoa kidole. Hatukucheka, kwa kuwa Docteur alikuwa kwenye kona. Inspecteur, mzee mrefu mwenye miwani, alikaa nyuma akiandika. "Qu'est-ce que c'est?" "C'est une poule!" "Que fait la poule?" "La poule couve ses œufs!" Kuku analalia mayai yake. "Et après?" Na kisha? Na sisi sote kwa wimbo, kama tulivyofundishwa wiki nzima: "Les poussins sortent!" Vifaranga wanatoka. Kavira aliimba kuliko wote. Alitaka liishe.

Kengele ya récréation, mapumziko, ilipolia Maître alitoka na kuku kwapani. Kavira akamfuata mpaka kwenye ukumbi, akaambiwa arudi. Nikamtuliza. Nilimwambia kuku anakwenda bureau kusahihishwa, na kwa jinsi alivyoguna vizuri mbele ya Inspecteur hawezi kufeli. Mungu wangu, nilimwambia hivyo.

Mambo yaliyofuata Papa alinisimulia baadaye. Depo yake ya samaki ilikuwa nyuma ya masomo. Maître alifika pale anatabasamu.

"Papa Zaina, tusaidie. Tuko na mugeni wa kwenu. Chinja kama vile munachinjaka."

"Kuku ni ya nani?"

"Ni ya masomo."

Kuku wekundu wako wengi. Papa alielekea kibla, akasema Bismillah, akachinja.

Saa sita waliniita nishike beseni. Mezani kulikuwa na bugali, sombe, maharagwe, na mbele ya mgeni sahani yake peke yake, imefunikwa. Nikapiga magoti. "Assalam aleikum, Monsieur l'Inspecteur."

"Bonjour, mutoto," akasema, akanawa. Kisha akafanya ishara ya msalaba, pana, taratibu, kutoka kwenye paji la uso mpaka mabegani. Nilimtazama Maître. Alikuwa amefungua mdomo.

Masera akafunua sahani. Mapaja, kidari, firigisi, mchuzi mwekundu wa mawese. Inspecteur aliitazama nyama kama mtu aliyekuta nyoka kitandani.

"Ma Sœur, leo si Ijumaa ya Carême?"

"Ndiyo, lakini… tulisikia jina yako…"

"Ramazani ni jina ya koko yangu, papa ya papa. Mi nilisoma seminari! Bamasera banakulaka nyama Ijumaa ya Carême huku kwenu?"

Masera aligeuka rangi. Maître akaanza Kifaransa, kirefu, chenye "malentendu" na "bonne foi" nyingi ndani, yaani kutoelewana na nia njema. Inspecteur akasukuma sahani mbali kwa kidole kimoja, akavuta bakuli la sombe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Huyu mgeni aliponya nani?

Hapo ndipo Mukaka alipotokea mlangoni. Amevua kandambili, amezishika mkononi. Kavira alikuwa nyuma yake. Tumbo la Mukaka lilikuwa limevimba kwa kitenge alichojifunga, na mikono yake miwili ilikuwa imelizunguka. Alisema kwa Kinande, kwa adabu, bila kuinua macho. Maître alisema haraka kwamba huyu ni mmoja wa badéplacés, wakimbizi, kichwa hakiko sawa, mumuache aende. Lakini Inspecteur hakujua Kinande na alitaka kujua. Akaniuliza mimi.

Nikatafsiri. Nilisema: "Mukaka anauliza kama kuku imeisha kusahihishwa. Nusu saa iliisha zamani, mayai inaanza kupoa. Kama somo haijaisha, amemuletea mayai yake, akuwe analalia hapa hapa bureau."

Akafungua kitenge kidogo kutuonyesha. Mayai yalikuwa yamebanwa kwenye ngozi ya tumbo lake.

Nikamtazama Maître anijibu, na Maître akatazama sahani. Nikafuata macho yake. Ndipo nikaelewa kuhusu kuku, na kuhusu samaki wa Papa, na mayai, na ndizi, kwa mara moja. Mukaka alielewa kabla yangu. Alifunga tena kitenge, akakikaza, akauliza swali moja tu, ambalo sikulitafsiri kwa sababu lilikuwa la Kavira: umekula? Kavira akatikisa kichwa, hapana. Wakaondoka.

Inspecteur alisema "Pole, mama" kwa mlango mtupu. Akamwambia Maître kwa Kifaransa alipange hilo jambo. Kisha akaomba pilipili. Mchana ule aliandika kwamba somo lilikuwa zuri sana, matériel didactique ya kweli, yaani vifaa halisi vya kufundishia, watoto wako hai. Maître alitusomea maneno hayo mwenyewe, mara mbili, na shingo imenyooka. Nyama sijui ililiwa na nani. Kwa pua yangu mimi, jioni ile nyumba ya Maître haikunuka maharagwe.

Papa aliposikia alikaa chini kwenye magunia yake. "Nilitaja jina ya Mungu juu ya kitu ya kuiba," alirudia, "juu ya kitu ya yatima." Alikwenda sokoni jioni ile ile akaleta kuku mwingine, mnono, mweupe. Mukaka akampokea kwa mikono miwili, akasema wasingya, asante. Lakini kuku hawaagizwi. Yule mweupe aliwekwa juu ya mayai akaruka, akawekwa tena akaruka, akaenda zake kuparua uani. Mukaka aliyaweka mayai karibu na makala, akayageuza, akalala nayo tumboni. Jumapili asubuhi nilimwona analipeleka moja sikioni, anasikiliza, analiweka chini. Analichukua jingine. Kavira alikuwa amechuchumaa mbele yake anamtazama uso. Walipofika la mwisho Mukaka alilishika sikioni muda mrefu kuliko yote, na mimi nikakimbilia ndani kwa mama.

Lundi, yaani Jumatatu, Maître akaingia. Suruali ile ile, mwendo ule ule. Akaandika tarehe, akaandika "Révision: la poule", marudio ya somo la kuku. Mnasikia? Révision! Hata mnyama ana haya. Akatazama darasa zima, akatafuta, akamchagua yeye.

"Kavira. Que fait la poule?"

Kavira akasimama. "La poule couve ses œufs."

"Bien. Et après?"

Kavira akatazama meza ya mbele.

"Et après, Kavira? Kisha?"

"Kisha banamuchinja, Maître," alisema Kavira kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Na mayai inakufa."

Maître alikunja uso. Nilimtazama vizuri, niwaambie nilichokiona, ninyi wenye "pédagogue hors pair". Sikuona haya. Niliona mwalimu aliyesikia jibu lisiloandikwa kwenye kitabu. "Zéro," alisema. "Nilisema tangu mwanzo, huyu hana kiwango. Twala bintu byako, enda première."

Kavira alikuwa na mfuko wa plastiki na kipande cha penseli. Akavichukua. Akapita mbele ya meza, akatoka, na tulisikia miguu yake kwenye ukumbi mpaka mlango wa première ulipofunguliwa na kufungwa.

"Nani anajua?" Maître akauliza. "La poule couve ses œufs. Et après?"

Tulijua sote. Hata Kakule wa dawati la nyuma, ambaye hakuwahi kujua kitu, alilijua hilo. Tuliliimba wiki nzima. Nilisikia mbao zikilia kwa watoto kukaza mikono chini ya madawati. Mikono yangu niliikalia. Maître akashuka na Docteur, akapita mstari kwa mstari, akisimama mbele ya kila mtoto. "Et après? Et après?" Alimchapa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila mmoja alinyoosha kiganja, akachapwa, akakirudisha. Alifika kwangu. Nikanyoosha.

Mwishowe alichoka. Akarudi ubaoni, akachukua chaki, akaandika jibu lake kwa herufi kubwa nzuri, akageuka kwetu akainua mkono kama mtu anayeongoza kwaya.

"Répétez, murudie. Les poussins sortent."

Aliimba peke yake.